Barua kwa Dada kuhusu usahaulifu wa Shemeji

Leicester, Uingereza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo hapo Muheza. Nimeona nikuandikie badala ya kukujibu kwa simu, maana mambo haya utataka kuyasoma zaidi ya mara moja.

Umesema majirani wanakwambia usahaulifu wa Shemeji ni uzee tu, mbona anasalimia vizuri na kuuliza hali ya kila mtu. Hilo lisikuyumbishe. Salamu zetu ni ndefu, lakini amezisema tangu utotoni, na mambo ya zamani hukaa sana. Ugonjwa wa Alzheimer, unaomaliza kumbukumbu na akili taratibu, kwa kawaida huanza kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Mgeni wa dakika 10 haoni kitu. Wewe unayeishi naye usiku na mchana ndiye unayeona.

Mtu aliyesahau kwa uzee ukimpa kidokezo hukumbuka. Mwambie, "Yule aliyetuletea machungwa juzi," atasema, "Aa, kweli!" Mwenye ugonjwa huu mara nyingi hasaidiki na kidokezo, kwa sababu jambo lenyewe halikupata kuhifadhiwa. Ndiyo maana anauliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, na kila mara kwake ni mara ya kwanza. Usimwambie "nimeshakujibu". Mjibu kwa upole, uandike.

Nunua kaunta buku. Kwa wiki tatu andika tarehe, saa, alichofanya, na kilichotokea kabla yake. Usiandike "amesahau sana". Andika: "Jumanne saa nne asubuhi, ametuma hela ya mbolea; saa sita ametuma tena." Andika pia akipotea njia anayoijua, akitafuta neno la kitu cha kila siku, akishindwa hesabu aliyoizoea, au akikutuhumu umemwibia pesa alizoficha mwenyewe. Tuhuma hiyo inauma, najua, lakini usibishane naye. Tafuteni pamoja, na ukumbuke anapopenda kuficha.

Jambo jingine, Dada, nalisema kwa mapenzi: acha kumjibia. Akiulizwa jambo anakugeukia wewe, nawe unamalizia kwa kumsitiri. Mbele ya daktari nyamaza kwanza, amwone anavyohangaika kujibu.

Hospitali msichelewe, kwa sababu si kila usahaulifu ni Alzheimer, na mwingine unatibika. Omba apimwe wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Usione haya kwa hivyo viwili vya mwisho, vyote vinaweza kugusa ubongo. Kama anameza metfomini ya kisukari kwa miaka mingi, B12 huweza kupungua. Mwambie daktari kama alianguka hata wiki kadhaa zilizopita, maana damu inaweza kujikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo. Picha ya kichwa ya CT huionyesha. Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, nayo hufanana sana na ugonjwa huu. Masikio na macho yapimwe pia, kwani asiyesikia vizuri huonekana amesahau. Wakikupa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa kule Tanga, usiiahirishe.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile za dukani. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi kama Piriton, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, huongeza kuchanganyikiwa kwa wazee.

Lakini akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, usingoje wiki tatu. Hiyo yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia au sukari kushuka. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Huenda wakamwambia achore saa: duara, namba zote 12, na mishale ya saa tano na dakika kumi. Mshale mfupi unatakiwa uelekee 11, mrefu uelekee 2. Mgonjwa huweza kurundika namba upande mmoja, au kupeleka mshale mrefu kwenye 10 kwa kuwa amesikia "kumi". Uwe makini hapo: mpimaji akifuata karatasi ya Kiingereza akasema "saa kumi na moja", Mswahili mwenye akili timamu ataweka mshale mfupi kwenye 5, na hajakosea. Sema. Mweleze pia Shemeji alisoma hadi darasa la ngapi, maana aliyesoma kidogo hupata alama chache bila ugonjwa.

Ikithibitika, wanaweza kumwanzishia dawa iitwayo donepezili, miligramu 5 mara moja jioni, na baada ya mwezi au zaidi 10. Haiponyi, kwa baadhi ya watu husaidia kumbukumbu kwa muda. Huweza kuleta kichefuchefu, kuharisha na ndoto kali, tena hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo uliza kama apimwe kwanza umeme wa moyo.

Kuanzia leo dawa za presha mpe wewe mkononi, na uhesabu vidonge kila Ijumaa. Anaweza kumeza mara mbili kwa kusahau kwamba ameshameza. Mambo ya shamba na namba za siri yazungumzeni sasa, mkiwa na wanao, angali anaweza kusema mwenyewe anachotaka.

Nitakupigia Jumapili usiku. Uwe na hilo daftari karibu, na ukae mahali ambapo Shemeji hawezi kutusikia tukimzungumzia.

Mdogo wako