Barua kwa Hamisi kuhusu kompyuta yake mpya

Tabata, Dar es Salaam

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa hapo Tanga. Sisi huku wazima, ni matope tu ya mvua yanayotutesa. Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya kioo cha kompyuta nimeikuza nikaitazama vizuri. Hongera kwa mashine mpya. Ila nikuambie ukweli, nusu ya vitu vilivyojaa hapo hukuviomba wala huvihitaji.

Unauliza kama kuvitoa kutaharibu mashine. Hakutaharibu. Fungua Mipangilio, nenda kwenye orodha ya programu, ondoa ile michezo, ondoa na hiyo antivirusi ya majaribio inayokuhesabia siku ili ulipie. Ikishatoka, Defender ya Microsoft iliyomo ndani ya Windows itajiwasha yenyewe, na kwa duka la steshenari inatosha kabisa. Vitu hivyo vimo kwa sababu wenye navyo humlipa mtengenezaji avipachike. Faida ya kuuza kompyuta ni ndogo, basi wanajazia hapo.

Ingekuwa ni uzito wa mashine tu, ningeishia hapa nikakutakia biashara njema. Lakini umesema hiyo ndiyo utakayoitumia kwa benki na kutuma ritani za kodi TRA. Kwa hiyo vumilia nikupe kisa kimoja kirefu.

Kuanzia mwaka 2014 Lenovo waliuza kompyuta mpakato za watu wa kawaida (zile za ofisini, ThinkPad, hazikuguswa) zikiwa na programu iitwayo Superfish, ya kampuni ya Palo Alto, California. Unatazama picha ya kochi mtandaoni, yenyewe inaitambua na kukuletea matangazo ya makochi yanayofanana nalo. Kero, basi. Tatizo ni kwamba kurasa nyingi zimefungwa. Kile kikufuli kinachoonekana juu ya baadhi ya vivinjari maana yake ni kwamba mazungumzo yako na benki hayasomwi na mtu wa kati. Superfish isingeweza kupenyeza tangazo kwenye ukurasa wa namna hiyo. Dawa waliyoibuni ni kuifanya programu yenyewe iwe huyo mtu wa kati.

Kompyuta haiijui benki yako kwa sura. Inatazama cheti ambacho tovuti inakionyesha, na inakikubali kama kimetiwa sahihi na mmoja wa wathibitishaji walio kwenye orodha iliyohifadhiwa ndani ya Windows. Ni kama unavyopeleka barua ya utambulisho: anayeipokea hakujui wewe, anaamini muhuri wa serikali ya mtaa. Superfish walichonga muhuri wao wenyewe, wakauingiza kwenye orodha, na programu ikawa inagonga vyeti vya tovuti palepale ndani ya mashine. Ungefungua benki, kikufuli kingekuwepo, kumbe cheti kimetoka kwa Superfish. Na huo muhuri waliuacha ndani ya kila kompyuta waliyoiuza. Mmoja, uleule, kwa mashine zote.

Februari 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Robert Graham, aliiendesha ile programu, akakusanya maneno yote yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yake, kisha akayajaribu moja baada ya jingine kama neno la siri la ule muhuri, yaani ufunguo wa kutia sahihi vyeti. Ndani ya saa chache alikuwa nalo: komodia. Ni jina la kampuni iliyotengeneza kile kipande cha kunasa mawasiliano! Toka hapo, mtu yeyote aliye kwenye waifai moja na mwenye mashine hiyo, hotelini au uwanja wa ndege, angeweza kujifanya benki na mashine ikamkubali.

Lenovo mwanzoni walisema wamechunguza na hawakuona ushahidi wa hatari. Hazikupita siku, serikali ya Marekani ikawatahadharisha watu waitoe, Microsoft wakaiwezesha Defender kuifuta, na Lenovo wenyewe wakatoa programu ya kuiondoa. Madai ya FTC, tume ya biashara ya huko, na ya majimbo 32 yaliisha kwa suluhu Septemba 2017. Majimbo yalilipwa dola milioni 3.5, na kampuni ikatakiwa kuwa na mpango wa usalama wa programu inazozipachika, unaokaguliwa na watu wa nje, kwa miaka 20.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu. Waliokwenda kwenye orodha ya programu wakaifuta Superfish, kama nilivyokuelekeza ufute michezo, programu ilitoka lakini cheti kikabaki. Kioo kisafi, mashine nyepesi, na mlango uko wazi.

Tena Novemba 2015 Dell nao wakakutwa na cheti chao, eDellRoot, ufunguo ukiwa humohumo. Walisema hakikuwa cha matangazo, kilikuwa cha kuwasaidia watu wa huduma kuitambua haraka mashine ya mteja. Mimi nawaamini. Lakini ukikifuta bila kuondoa faili linalokileta, unawasha tena kompyuta unakikuta. Na mwaka 2017 kwenye baadhi ya mashine za HP, draiva ya sauti (programu ndogo inayoendesha kifaa cha sauti), ambayo kazi yake ilikuwa kusubiri ubonyeze kitufe cha maikrofoni, iligundulika ikiandika kila unachochapa kwenye faili la wazi, maneno ya siri yakiwemo. Hakuna aliyekusudia kuiba. Uzembe tu.

Najua utakachosema: basi nimwite fundi apige Windows upya, yaishe. Hapo ndipo roho inaponidunda zaidi. Windows ya kwenye flashi ya fundi mara nyingi ni ya wizi, inaamshwa kwa kiprogramu kilichookotwa mtandaoni, na sharti la kwanza la hicho kiprogramu ni uzime Defender. Umetoa takataka za kiwandani unaingiza za mtu usiyemjua kabisa. Hata Lenovo anayo anwani ya kushtakiwa. Mashine yako imekuja na leseni halali, na kwa kawaida siku hizi huwa imehifadhiwa kwenye chipu ya bodi kuu ya mashine, kwa hiyo Windows iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe itaitambua bila kuombwa namba. Kama ni kupiga upya, tutapiga hiyo, tena nitakuandalia flashi mimi.

(Hata hivyo, mwaka 2015 kulikuwa na mashine za Lenovo zilizokuwa zikirudisha programu ya kampuni kutoka kwenye chipu hata ukishapiga Windows safi. Waliiondoa baadaye, lakini tangu siku hiyo sijawahi kumwapia mteja kwamba mashine yake ni safi.)

Kinachonipa mashaka kwako ni huyo "msaidizi" niliyemwona kwenye picha yako, programu yenye nembo ya kampuni inayojisasisha yenyewe. Mwaka 2016 watu wa Duo Security walizipima programu za kusasisha za kampuni tano, Acer, Asus, Dell, HP na Lenovo. Kila moja ilikuwa na angalau tundu moja la kumwezesha mtu kuitawala mashine yote. Mimi ningemtoa. Sasisho za bodi utapakua mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, na hazitoki kila wiki.

Leo kabla ya kulala bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika certmgr.msc, halafu fungua folda liitwalo Trusted Root Certification Authorities, na ndani yake Certificates. Itakuja orodha ndefu ya majina usiyoyajua, na hiyo ni kawaida. Tafuta jina la kampuni iliyotengeneza mashine yako, au Superfish, au eDellRoot. Ukiona jina la ile antivirusi usishtuke, baadhi yao huweka cheti chao pia, na ni sababu nyingine ya kuitoa. Usifute kitu. Piga picha orodha yote, unitumie. Mpaka nikujibu, mambo ya benki yafanye kwa simu.

Nisalimie Mama Rukia, na mwambie ule ufuta alionituma bado nautafuta.

Ni mimi ndugu yako,
Juma