Chama cha wenye viwanda kimkumbuke na mnunuzi wa nondo

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lenu bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini habari mliyoichapa kuhusu mkutano wa chama cha wazalishaji wa vifaa vya ujenzi imenishinda kunyamazia. Viongozi wake waliiomba Serikali iendelee kuwakinga dhidi ya nondo na mabati kutoka nje. Kwa ombi hilo sina ugomvi nao, kwa kuwa viwanda hivyo vinaajiri vijana wetu. Kilichoniudhi ni kwamba katika maelezo yao yote mnunuzi hakutajwa popote.

Kinga hiyo tunailipia sisi. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kundi la juu la ushuru wa forodha la asilimia 35, na bidhaa za chuma zimo humo. Mwaka 2023 ukaja ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na aliyeulipa mwishowe ni yule anayejenga chumba na sebule huko Chanika. Anayebebeshwa yote hayo anastahili angalau kupewa uzito kamili wa alichonunua.

Wakati wa kusuka renta (mkanda wa zege wa juu ya kuta) ya nyumba yangu hapa Goba nilinunua nondo za milimita 12 katika duka la vifaa vya ujenzi. Fundi wangu, mzee aliyekunja nondo tangu ujana wake, aliinua moja kwa mikono miwili, akairudisha chini na kuniambia, "Mama, hii siyo kumi na mbili." Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua vyuma chakavu. Nondo ya kipenyo hicho hupaswa kuwa na gramu 888 kwa kila mita, kwa hiyo yenye urefu wa mita 12 hukaribia kilo 10 na gramu 660. Ile yetu haikufika kilo 9, na tulipoinyoosha chini na kuipima kwa futi tukakuta hata urefu haukutimia. Ubavuni, hata hivyo, namba 12 ilisomeka vizuri, na alama ya kiwanda ilikuwa pembeni yake. Mwenye duka akasema yeye huuza anacholetewa. Kiwandani wakanirudisha kwa mwenye duka. Na nilipopiga simu kwenye chama nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba chama ni cha wanachama na malalamiko ya wateja hupelekwa Shirika la Viwango (TBS) au Wakala wa Vipimo. Nazifahamu taasisi hizo na naziheshimu. Lakini mkaguzi wa Serikali hawezi kusimama kwenye kila duka kuanzia Tegeta hadi Mbagala, ilhali chama kinawajua wanachama wake mmoja mmoja, kinakaa nao mezani, na kinasimama mbele ya mawaziri kuwasemea. Kama kina sauti ya kudai ushuru kwa niaba yao, basi kina sauti ya kuwauliza pia kwa nini nondo zao zina upungufu. Na upungufu huu si wa senti chache. Kipenyo cha nondo kikipungua kwa asilimia 10 tu, chuma kinachobeba mzigo kinapungua kwa asilimia 19, na hakuna mwenye nyumba anayeweza kuliona hilo kwa macho, hasa zege likishamwagwa. Machi 2013 ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukawafukua wenzetu chini ya kifusi Kariakoo. Sisemi kwamba nondo ndizo zilizoyaangusha majengo hayo. Nasema kwamba nchi iliyozika watu namna hiyo haipaswi kuwa na chama cha wazalishaji kinachoona uzito wa nondo kuwa jambo lisilokihusu.

Mabati nayo yana shida hiyo hiyo. Tunauziwa kwa geji, yaani namba ya unene wa bati, na wanunuzi wengi hawaambiwi kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba zaidi. Mtu analipia geji 28, anapandishiwa geji 30 juu ya paa, na hugundua baada ya upepo wa masika. Unene ungechapishwa kwa milimita kwenye kila bati, hata mtoto wa darasa la sita angeweza kuuhakiki kwa kipimo cha fundi.

Naomba chama hicho kifanye mambo haya kabla ya kurudi tena kwa Waziri. Kila mtita wa nondo ufungwe kibao cha chuma chenye jina la kiwanda, tarehe ya kuzalishwa, urefu, na uzito wa nondo moja kwa kilo na gramu. Kila wakala mkubwa awekewe na chama mizani iliyohakikiwa, iwe mlangoni badala ya stoo, ili mnunuzi apime kabla ya kulipa. Mwanachama ambaye mzigo wake utakutwa pungufu ambadilishie mnunuzi mzigo wote pamoja na nauli ya gari, na jina lake litangazwe katika gazeti hili, ukurasa ule ule mliochapa picha ya viongozi wao.

Msomaji wenu,
Goba, Dar es Salaam