Barua ya wazi kwa wanangu mlioapa uraia wa Marekani hapa Louisville, jimbo la Kentucky

Wanangu, poleni na kazi za usiku.

Siku ile ya kiapo niliwaona mmeshika vibendera, nikashindwa kuzuia machozi. Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Kila likitokea tatizo nasikia, "Gavana atuangalie." Kule tulikotoka tulizoea mkubwa mmoja: akisema, yamekwisha. Kentucky haiendi hivyo.

Gavana hutia saini sheria, huteua wakuu wa idara, huweza kusamehe wafungwa. Lakini akikataa muswada kwa kura ya turufu, Bunge la jimbo kule Frankfort, mji mkuu wa jimbo, laweza kuupitisha juu ya kichwa chake kwa kura 51 za wawakilishi kati ya 100 na 20 za maseneta kati ya 38. Zaidi ya nusu tu, basi. Hesabuni wenyewe nguvu iko wapi. Nami kwenye kikao chetu cha mwisho niliuliza nani anamjua mwakilishi wa mtaa wake. Haukunyooshwa mkono hata mmoja.

Huyo ndiye wa kumpigia simu, na mumpigie mapema. Bunge huanza Januari, na mwaka linapopanga bajeti ni lazima limalize kabla Aprili haijafika katikati. Fedha za shule za watoto wenu hupangwa humo. Ukipiga simu Mei, wameshatawanyika.

Wenye malori na maduka, ofisi yenu ni ya Katibu wa Jimbo, anayeandikisha kampuni. Juzi kijana mmoja aliniletea barua yenye mhuri wa tai, inamdai dola zaidi ya mia moja ili kampuni yake "isifutwe". Alikuwa ameshaandika hundi. Nikamwambia, keti kwanza. Ripoti ya mwaka ya kampuni ni dola 15, hupelekwa kwa Katibu huyo kati ya Januari na tarehe 30 Juni, na tuliijaza pale pale kwenye meza yangu ya chakula kabla chai haijapoa. Barua ile tukaipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, maana malalamiko ya kutapeliwa hupokelewa kwake. Naye huchaguliwa kwa kura zenu, msimwogope.

Mweka Hazina hutunza fedha zilizokosa mwenyewe: mshahara wa mwisho ambao hukuuchukua, amana iliyorudishwa ukiwa umeshahama. Tafuteni majina yenu huko, na mjaribu kila namna yalivyowahi kuandikwa, maana mnajua yanavyogeuzwa mbele nyuma. Mkaguzi wa Hesabu huchunguza matumizi ya fedha za umma. Kamishna wa Kilimo naye huchaguliwa.

Ninyi ambao bado hamjaapa, nawasihi kama mzazi: ukipewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata na karani mwenye tabasamu kwenye dirisha la leseni ya udereva, usitie saini. Kwa kuwa bado si raia, sahihi hiyo moja yaweza kukufukuzisha nchini ukawaacha watoto.

Mlioapa, shikeni hili. Hapa gavana na wenzake hao hawachaguliwi mwaka mmoja na rais. Walichaguliwa 2023, na zamu nyingine ni Novemba 2027. Wawakilishi huchaguliwa kila miaka miwili, mwaka wa shufwa. Anayetaka kumjua wa mtaa wake aje kwangu Jumapili jioni na anwani yake, tutamtafuta pamoja.

Mzee wenu