Malalamiko juu ya BMW R75/5 mliyoiharibu na bado mnanidai

Lubumbashi

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Garaji,

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Ninakuomba uisome barua hii wewe mwenyewe mpaka mwisho, usimwachie sekretere aiweke pamoja na zile mbili za kwanza ambazo hazikupata jibu.

Pikipiki ni ile BMW R75/5 nyeusi ya 1972. Unaijua, ilikaa wiki sita katika uwanja wenu. Niliileta kwa mambo mawili tu: bomba la kushoto la eshapma, lile la kutolea moshi, lilikuwa limetoboka upande wa chini, na buloni zinazoshika silansie, kile kizuia kelele cha nyuma, zilikuwa zimeliwa na kutu. Karatasi ya kazi mliyoiandika nyinyi inasema hivyo. Inasema pia, kwa mkono wa kiongozi wa mafundi wenu: "ekru zisilazimishwe," yaani nati za bomba zisifunguliwe kwa nguvu. Maneno hayo niliyadai mimi, na sikuondoka pale mezani mpaka yakaandikwa.

Niliyadai kwa sababu ugonjwa wa pikipiki hizi unajulikana. Bomba linashikwa na ekru moja kubwa ya mviringo yenye mapezi, nayo inajifunga juu ya meno yaliyochongwa kwenye kichwa cha silinda chenyewe. Kichwa hicho ni aluminiamu. Joto la injini, mvua zetu za Novemba mpaka Machi, miaka michache bila kupakwa mafuta ya shaba, na ekru inaganda pale kama imechomelewa. Ikigoma, hailazimishwi. Inakatwa kwa msumeno wa chuma, kwa urefu wake, mpaka karibu na meno bila kuyagusa, halafu patasi inaipasua. Ekru inakufa, kichwa kinapona. Ekru mpya mtu anaiagiza na kuilipa. Kichwa cha silinda cha 1972 hakiuzwi kwenye maduka ya vipuri ya Katuba wala ya Kampemba, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Fundi wenu alifanyaje? Hakutumia ufunguo wa ekru ile, wenye makucha ya kukamata mapezi. Alichukua ufunguo wa mafundi wa mabomba ya maji. Akauvalisha bomba la mita mbili, kisha akapanda juu yake kwa mguu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nilisema: simama, kata hiyo ekru. Hakusimama. Mapezi matatu yalivunjika kwanza. Kisha nikasikia mlio mkavu, na ekru ikatoka na meno ya kichwa cha silinda ndani yake, yamejiviringa kama uzi wa chuma. Meno ya tangu 1972 yalitoka kwa pumzi moja.

Na hapo mlikuwa tayari mmeshaharibu. Wiki ya tatu, kabla ya kuigusa ekru, mlijaribu kuziba tundu la bomba likiwa bado limefungwa kwenye pikipiki, kwa kuchomelea na umeme, kwa fimbo nene, bila hata kutoa waya wa betri. Bomba lile ni jembamba. Tundu lililokuwa kama ncha ya kidole sasa linapitisha yai la kuku. Tangu siku hiyo taa nyekundu ya betri haizimi, na hakuna fundi wenu hata mmoja aliyenieleza kwa nini.

Buloni za silansie ndizo zilikuwa kazi rahisi. Siku mbili za kuzimwagia mafuta, moto kidogo, subira. Mlivunja moja ndani ya tundu lake, mkaifunika kwa mastiki, mkaipaka rangi nyeusi. Niliigundua nyumbani kwa ukucha wangu. Bwana Mkurugenzi, kuvunja buloni yenye kutu kunaweza kumpata fundi yeyote. Kuificha ni uongo, na kwa uongo huo mliniandikia fakture ya dola 180 juu ya dola 120 nilizokwisha kulipa.

Narudi kwenye ile Jumamosi ekru ilipolazimishwa, kwa maana katika barua mbili za kwanza niliona haya kuandika yote.

Nilikuja na mjukuu wangu wa miaka minane. Pikipiki hii ilikuwa ya baba yangu. Aliipanda miaka mingi kwenda kufundisha Kipushi, na mtoto huyo anajua kwamba siku moja itakuwa yake. Uwanja ulikuwa umejaa wateja. Fundi alipopanda juu ya lile bomba la mita mbili, nilimwambia kwa sauti ya chini, kama mzee anavyomwambia kijana: mwanangu, simama, kata hiyo ekru. Akajibu kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Papa, wee enda ukae kule ku kivuli, acha bafundi batumike." Mafundi wakacheka, na wateja wawili nao wakacheka. Nikasogea, nikamshika mkono. Akautupa mkono wangu, akaongeza uzito wa mguu, na meno yakatoka. Sasa sikiliza kilichofuata. Aliichukua ile ekru, akaitupa chini mbele ya viatu vyangu, akasema: "Chuma ya zamani inakufaka yenyewe." Mimi nina miaka 63. Niliinama mbele ya watu wote, nikaiokota ekru ya baba yangu kwenye vumbi.

Njiani mtoto aliniuliza mimi babu yake: "Kambo, juu ya nini balikuchekaka?" Mpaka leo sijamjibu.

Na siku ya kuichukua pikipiki, mlangoni, mlinishikisha karatasi inayosema kwamba meno "yalikuwa yamekwisha kuharibika kabla ya kuingia garaji." Kiongozi wenu alisema: "Tia saini, ao moto inabakia hapa," yaani pikipiki. Sikutia saini. Ilichukua saa tatu na kelele za majirani ndipo mkafungua mlango, na niliisukuma kwa miguu mpaka Kamalondo.

Katika barua ya kwanza niliomba kitu kidogo: mrudishe dola 120, na mlipe tourneur, fundi wa kuchonga chuma, nitakayemchagua mwenyewe ajaze aluminiamu na kuchonga meno upya. Mngekubali siku ile, tungekuwa tumemaliza. Leo hayo hayatoshi. Nataka dola 120 zirudi. Nataka fakture ya 180 ifutwe kwa maandishi yenye muhuri wenu. Nataka mlipe kazi ya kichwa cha silinda, na tourneur akisema hakifai tena, mkiagize kingine Ulaya kwa fedha zenu, pamoja na bomba la kushoto, ekru mbili na pete zake. Nataka pia mlipie uchunguzi wa umeme wa kuchaji. Na nataka fundi yule na kiongozi wake waniombe msamaha katika uwanja uleule, siku ya Jumamosi, wateja wakiwepo. Barua ya msamaha sitaipokea, maana hawakunicheka kwa barua.

Nakupa siku kumi tangu utakapopokea barua hii. Zikipita, avoka wangu anakwenda kwenye tribunali na karatasi yenu ya kazi, picha 14, na ile ekru yenyewe, ambayo meno ya kichwa bado yamo ndani yake. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha 3 cha Code Civil, sheria ya kiraia ya nchi yetu, kinamlazimisha anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake ailipe. Kifungu cha 260 kinamfunga bwana kwa kosa la mfanyakazi wake. Kwa hiyo usiniambie tena, kama ulivyoniambia kwa simu, kwamba "fundi yule ni wa mkataba mdogo." Alivaa koti lenu.

Na kule mbele ya jaji nitadai pia wiki sita zile, na siku zote ambazo pikipiki imelala bila kutembea, kila moja kwa bei yake.

Jumamosi ya siku ya kumi, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwenu. Nitakuja na mjukuu wangu.

Kwa heshima,

Mwenye BMW nyeusi,
Komini ya Kamalondo