Bomba la Kilwa na mahame yaliyo chini yake

Dar es Salaam, 3 Juni

Ndugu yangu Salum,

Asalaam aleikum, na pole kwa kazi. Umeuliza kama wataalamu wa mambo ya kale wanaweza kuja baada ya mkandarasi kuingia, ili bomba la maji lisichelewe. Nakusihi, waite sasa. Leo kuusogeza mstari wa bomba mita 40 ili kukwepa mahame, yaani makazi ya kale yaliyoachwa, ni kazi ya mchoraji tu. Wakulima wakishalipwa fidia na mabomba yakishaagizwa, mita hizo hizo 40 zitataka uthamini mpya na viungio vipya, huku kijiko kimesimama na kinalipiwa kwa saa.

Usiwape mtaro peke yake. Mtaro wako una upana wa sentimita 80, lakini greda itasafisha mkuza, yaani ukanda mzima wa kupitishia bomba, wa mita 12 au 15, na mabaki mengi ya vijiji vya kale yamo ndani ya sentimita 30 hadi 60 za juu. Greda ndiyo inayoharibu kabla kijiko hakijafika. Waoneshe pia kilima cha tangi, kambi, njia za magari na, zaidi ya yote, machimbo ya kifusi. Machimbo husahaulika kwa sababu mkandarasi huyachagua baadaye, tena hupenda vilima vikavu karibu na maji, ambako watu wa kale nao walipenda kukaa. Andika kwenye mkataba kwamba kifusi hakitachimbwa mahali ambapo hapajakaguliwa.

Kuna kosa moja linaloua ukaguzi mzima bila mtu kujua. Ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS za mkononi kwa kawaida huwa zimewekwa mfumo mwingine, WGS84. Namba zilezile zikisomwa kwa mfumo usio wake, mahali panahama takriban mita 300 kaskazini au kusini, na karibu mita 100 mashariki au magharibi. Timu inatembea kwa bidii kwenye pori lisilohusika, inaandika kwamba hakuna kitu, ripoti inapita. Kabla ya siku ya kwanza, wasimame kwenye bikoni ya upimaji ambayo namba zake zinajulikana, walinganishe. Na kila jedwali la ripoti litaje mfumo na kanda ya ramani (UTM), ambayo kwenu ni 37 kusini.

Kutembea kwenyewe hufanywa kwa safu, mtu na mtu mita 10 hadi 15, macho chini. Nyasi zikifika magotini ukaguzi huo ni wa jina tu. Panga muda ambao wakulima wamefyeka chini ya mikorosho kujiandaa kuokota korosho. Ardhi inaonekana yote. Mibuyu iliyokusanyika mahali pamoja ichunguzwe vizuri, maana kwenye pwani yetu mara nyingi mibuyu huota kwenye makazi ya zamani. Wazee wa kijiji waulizwe mapema kuhusu makaburi na mahali pa matambiko, kwa kuwa mengine hayana hata jiwe.

Yatafutwe haya: vigae vyenye pembetatu zilizochanjwa karibu na shingo ya chungu, ambavyo ni vya karne ya 6 hadi ya 10 hivi, vipande vya vyombo vya udongo vyenye mng'ao wa buluu na kijani kutoka Ghuba ya Uajemi, mavi ya chuma (takataka za kuyeyusha chuma) na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto, ushanga, na marundo ya maganda ya chaza. Jiwe la matumbawe peke yake si ushahidi. Likiwa na chokaa ya kujengea, simama.

Juu kukiwa kweupe, bado chini kunaweza kuwa na mji. Ndiyo maana yanachimbwa mashimo ya majaribio, kipenyo cha sentimita 50, hadi kwenye udongo usio na chochote cha binadamu. Karibu na mito, hori na vilima, kila mita 20. Kwingineko mita 100 zinatosha. Udongo uchekechwe kwa wavu wa milimita 5, na sehemu yake kwa wavu wa milimita 2, la sivyo ushanga mdogo wote utapita. Kwenye mabonde ya mito mchanga wa mafuriko unaweza kufunika makazi kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo shimo fupi litakudanganya. Hapo itumike keekee ndefu ya mkono.

Kuchimba mashimo hayo kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe vitu na majengo ya kabla ya 1863. Usiishie hapo. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viko nje ya mwaka huo, na viliwaka katika wilaya hiyohiyo. Mahali pake parekodiwe na kukwepwa vilevile. Makaburi yana sheria yake ya uhamishaji, ya 1969, na mazungumzo na familia hayaharakishwi.

Ukaguzi mzuri bado utaacha kitu. Mfundishe mwendesha kijiko atambue doa jeusi la mstatili kwenye udongo mwekundu: likielekea mashariki na magharibi, huenda ni kaburi la Kiislamu, kwa sababu kibla chetu kiko kaskazini. Mashine isimame, utepe uzungushwe mita 20, mifupa isiguswe, polisi na Mambo ya Kale waarifiwe siku hiyohiyo. Kikosi kihamie kipande kingine cha mstari kilichokwishakaguliwa. Kipange kipande hicho tangu mwanzo.

Nitumie faili la mstari, pamoja na mahali pa chemba za vali, maana zile huchimbwa pana zaidi ya mtaro. Nitaweka alama sehemu za kuchimba kila mita 20 kabla hujatangaza zabuni.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Bakari