Saiprasi wa majini hautakausha kiwanja

Mhariri,

Nauza miche kando ya Barabara ya Ngong. Tangu mvua ianze, wateja wamekuwa wakiniulizia saiprasi wa majini, ule mti wa Marekani wanaouona kwenye simu umesimama katikati ya kinamasi. Wengi wana viwanja vyenye majimaji na wanataka vikauke wajenge.

Jamani, mti huo haukaushi kinamasi, huishi nacho. Kwao Louisiana na Florida shina lake huvimba chini kama mtungi, na mizizi huchomoza juu ya maji mfano wa magoti. Majani hupukutika wakati wa baridi, jambo ambalo saiprasi wetu wa ua (naye mgeni, asili yake Mexico) halifanyi kamwe. Hauna haraka: mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba mmoja wa Mto Black, North Carolina, una miaka isiyopungua 2,624. Lakini hata mti huu wa majini, mbegu yake haioti ikiwa imezama. Hungoja maji yapungue, ishike kwenye tope.

Mwingine, nikimwambia hivyo, hugeuka kuulizia mikaratusi. Hiyo kweli hunywa maji, na ndiyo maana simuuzii mtu wa kinamasi. Vinamasi tunavihitaji: Mto Nairobi wenyewe huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Tukifukia vinamasi kwa vifusi, maji yataingia sebuleni.

Mwenye kiwanja cha majimaji aje nimpe mafunjo. Sitamtoza hata shilingi.

Muuza miche,
Nairobi