Rehema asiliache somo la uandishi

Kwako Mama Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, na naamini nanyi hamjambo. Uniwie radhi kwa ukimya, usahihishaji wa mitihani ulitubana. Nakuandikia mbiombio kwa sababu Halima ameniambia Rehema anataka kuliacha somo la uandishi achukue hesabu nyingine, eti mhandisi haandiki insha. Tafadhali ongea naye kabla hajajaza fomu.

Somo hilo si la kupamba lugha. Linamfundisha mtu kurudia kazi aliyokwisha kuiandika, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alilinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza na waandishi wazoefu 20. Wanafunzi, wakirekebisha, walihangaika zaidi na maneno: hili litoke, lile liingie. Wazoefu walirudi kwenye hoja yenyewe na kutafuta umbo lake. Uzoefu huo hauji kwa umri tu. Unahitaji mtu wa kusoma rasimu yako na kukurudishia.

Mwambie ajaribu kwenye ripoti yake ya maabara. Akimaliza rasimu ya kwanza aiweke kando siku moja, kisha pembeni mwa kila aya aandike sentensi moja tu: aya hii inasema nini? Ikimshinda, huenda aya imebeba mambo mawili, aigawe. Sentensi mbili zikifanana, aya mojawapo haina kazi. Halafu azisome sentensi hizo peke yake, toka juu hadi chini. Zisipofuatana, hoja imekatika mahali, na kusahihisha tahajia usiku kucha hakutaiunga. Mara nyingi atakuta jambo kubwa kuliko yote limejificha ukurasa wa mwisho.

Mwaka wa mwisho ndio utakaomtesa zaidi. Kwenye ripoti ya utafiti, sura ya mapitio ya machapisho, ile ya kueleza waliotangulia waliandika nini, huwaangusha hata wenye alama za juu: fulani alisema hivi, fulani akasema vile, kurasa kumi na tano, na msomaji hajui mwandishi anataka nini. Msimamizi anairudisha, miezi inakwenda. Dawa yake ni kupanga kwa maswali badala ya majina: nani wanakubaliana, nani wanapingana, na lipi halijajibiwa. Hilo lisilojibiwa ndilo linaloupa utafiti wake sababu ya kuwapo. Na wizi wa maandishi, Mama Rehema, wengi hawaufanyi kwa ujanja. Ananakili sentensi, anabadilisha maneno matatu, anaamini sasa ni yake. Asome, afunge kitabu, aandike alichoelewa, ndipo afungue kuhakiki na kutaja chanzo.

Kazini nako ni maandishi tu: ripoti za ukaguzi, maelekezo ya usalama, zabuni. Mkuu wake atataka kujua kwanza kifanyike nini na kwa nini, hesabu zifuate. Aliyezoea kuanza na kurasa mbili za historia, ripoti yake itabaki mezani bila kusomwa. Hata barua ya kuomba kazi ni hivyo hivyo. "Mimi ni mchapakazi ninayejituma" imejaa kila bahasha. "Nilipima mgandamizo wa maji kwenye mabomba 12, nikaonyesha manne yanayovuja" inamfanya msomaji atake kumwona aliyeiandika.

Hesabu anaweza kuichukua muhula mwingine. Uandishi unatakiwa umkute kabla ya utafiti, ukimkuta katikati utakuwa umechelewa. Ila nikiri, kama darasa lenyewe ni la kukariri kanuni za sarufi na hakuna rasimu inayorudishwa, malalamiko yake yana msingi, na hapo atafute kituo cha uandishi chuoni kama kipo, au wenzake wawili watatu wa kusomeana kazi kila wiki. Ndiyo maana nakuuliza.

Mwalimu anaandika maoni kwenye rasimu, au anatoa alama tu? Wako wangapi darasani? Siku ya mwisho ya fomu ni lini? Baba yake anasemaje? Na Rehema mwenyewe, somo limemchosha kweli au ameogopa alama ya insha ya kwanza? Mwambie anitumie hiyo insha pamoja na maoni ya mwalimu, nitaisoma yote. Bibi goti linaendeleaje? Na lile suala la Juma na wakwe limeishia wapi, mbona Halima hakutaka kunimalizia?

Wako,
Mama Salma